Anayelea Yatima Ng'ambo Naye Ana Mama Nyumbani

Nasema nanyi wa pande hizi za mpaka wa Kenya na Uganda, wa Malaba na Angurai, Kolanya na Amagoro, Changara na Moding, nanyi mnaotupata mkiwa kule Tororo. Leo nina jambo moja tu, nalo ni zito. Naomba mweke kazi chini kidogo mnisikilize.

Nataka tuzungumze habari ya mtoto wetu aliyekwenda nchi nyingine kuhudumia mayatima, kisha siku moja anapigiwa simu kwamba mama amepimwa na ni saratani. Anafanyaje huyu? Anaomba wapi? Na sisi tuliobaki kijijini tunamwitikia vipi?

Watu wa namna hiyo tunao, na kwetu hapa si lazima apande ndege ndipo awe ng'ambo. Mwaka 1902 Waingereza walilitoa lililokuwa Jimbo la Mashariki la Uganda wakalitia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na Wateso wakajikuta wamegawanywa, ndugu huku na ndugu kule, mto Malaba katikati. Lugha haikugawanyika. Ndiyo maana binti wa Angurai akifika Soroti hahitaji mkalimani; mtoto akilia usiku kwa Kiteso, anamwelewa. Na kazi kule ilikuwepo. Ukimwi ulikuwa umechukua wazazi wengi, halafu katikati ya mwaka 2003 waasi wa LRA wa Joseph Kony wakaingia Teso ya Uganda, wakateka watoto na kuchoma nyumba, watu kwa maelfu wakakimbilia mjini. Makanisa na mashirika yakajitokeza kuwalea watoto waliobaki peke yao. Wale wa mwaka 2003 sasa ni watu wazima, lakini mayatima hawajaisha, na hadi leo kuna vijana wetu wanaovuka daraja la Malaba kwenda kupika, kufua, kufundisha na kukesha na watoto wenye homa ambao hawakuwazaa.

Mmoja wao ninamfahamu. Jina lake nitaliacha, kwa sababu mambo haya ni yake na ya mama yake. Ni kifungua mimba wa nyumba yao. Alikwenda upande wa Uganda kusaidia kwa muda katika nyumba ya watoto, akakaa, kwa kuwa watoto walikwisha kumzoea. Analipwa posho. Anapata chumba, chakula na kitu kidogo cha kununulia sabuni na kutuma nyumbani.

Mama yake alianza kulalamika kwamba nyama inakwama. Akaacha nyama. Baadaye ugali ukawa unakwama, akawa anaulowesha kwenye mchuzi wa kunde na kuumeza polepole, mkono mmoja kifuani. Jirani akasema ni vidonda vya tumbo, naye akanunua dawa ya tumbo dukani, chupa baada ya chupa. Mezani alikuwa akingoja wengine wamalize na kuondoka, asionekane anavyohangaika. Binti akipiga simu, mama anasema wako salama. Alipofikishwa Eldoret na kutiwa kamera kooni, alikuwa ameishi kwa uji tu kwa muda mrefu, na nguo zake zote zilikuwa zimekuwa za mtu mwingine.

Naomba nikae hapa kidogo kabla ya kufika kwenye pesa, kwa sababu anayenisikiliza anaweza kuwa na mzazi aliye katika hatua ile ya kulowesha ugali. Saratani ya umio, yaani ya njia ya chakula, ni miongoni mwa saratani zinazoonekana sana magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa. Dalili yake kubwa ni hiyo hiyo: chakula kigumu kinakwama, kisha kilaini, kisha hata maji. Tumbaku na pombe vinahusika, na sisi Angurai tumbaku tunaijua vizuri, maana tumeilima miaka mingi na karo za shule zimetoka humo. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliviweka vinywaji vya moto sana, vya zaidi ya nyuzi 65, katika kundi la vitu ambavyo huenda husababisha saratani hii. Sisemi hivyo kumlaumu mgonjwa yeyote. Wengi huugua bila kuvuta wala kulewa. Nasema kwa sababu chakula kukwama kwa mtu mzima kunahitaji kamera ya kooni, na hakuna dawa ya dukani inayoweza kushika nafasi ya kamera hiyo.

Kwa makadirio ya shirika hilo hilo, mwaka 2022 Kenya ilipata wagonjwa wapya wa saratani karibu 45,000, na vifo zaidi ya 29,000. Sababu kubwa ya vifo vingi hivyo inajulikana: tunafika hospitali tumechelewa. Na sababu mojawapo ya kuchelewa ni pesa, au hofu ya pesa. Mama anaficha kwa kuwa anajua kuna ada za shule. Mtoto hajui kwa kuwa yuko mbali.

Sasa turudi kwa binti yetu. Habari zilipofika kijijini, neno la kwanza lililosemwa, nami nililisikia kwa masikio yangu, lilikuwa hili: "Huyo ana wazungu wake, wacha wamsaidie."

Ndugu zangu, neno hilo limewaumiza watu wengi, na ni neno la kutojua. Pesa inayoingia katika nyumba ya watoto ina wenyewe. Mfadhili akituma, ametuma kwa ajili ya unga wa watoto, sare zao, dawa zao, karo ya yule aliyefika darasa la saba. Mlezi anayeshika ufunguo wa stoo hana hata kilo moja ya maharagwe yake mle ndani. Akichukua pesa ile akampelekea mama yake, hata kama mama yuko taabani, ameiba kwa yatima, na nyumba nzima inaweza kufungwa kwa ajili yake. Anayafahamu hayo kuliko sisi. Ndiyo maana walezi wa namna hii hunyamaza. Mtu ambaye kazi yake ni kuwaombea watoto wa wengine huona haya kuomba kwa ajili ya mama yake mwenyewe. Anaogopa mfadhili atafikiri kwamba hata zile barua za watoto zilikuwa njia ya kujitafutia. Anaogopa pia kwamba hapa nyumbani tutasema kuwa miaka yote ile alikuwa anakula na wazungu, sasa amerudi na bakuli.

Na jambo hili haliwagusi wetu peke yao. Upande wetu huu wa Busia pia kuna wageni waliokuja kulea watoto wetu, wengine kutoka Marekani na Ulaya. Wao nao wana mama. Mmarekani akisema anatafuta pesa za kumtibu mzazi, watu wetu hushangaa, wakidhani kule hospitali ni za bure. Si hivyo. Marekani mtu akifika miaka 65 ndipo serikali inamchukua katika bima yake ya wazee, nayo haimalizi gharama zote. Aliye chini ya umri huo hutegemea zaidi bima ya kazini au ya kununua mwenyewe, na kuna kiasi anachopaswa kutoa mfukoni kabla bima haijaanza kulipa. GoFundMe, jukwaa la michango ya intaneti lililoanzishwa kule mwaka 2010, limewahi kusema kupitia viongozi wake kwamba karibu theluthi moja ya michango inayopitia kwao ni ya matibabu. Kwa hiyo kuna mgeni anayemlisha yatima wa Angurai asubuhi, na jioni anaandika ujumbe kwa marafiki zake akiwaomba wamsaidie mama yake. Naye anasumbuliwa na lile lile: waliokuwa wanamtumia pesa za watoto ndio hao hao anaotaka kuwaomba pesa za mzazi, na hataki hizo mbili zichanganyike.

Jibu langu kwa wote wawili, wetu na wa kwao, ni moja. Kuomba kwa ajili ya mzazi si aibu, na kulea yatima hakumwondolei mtu haki ya kuwa mtoto wa mama yake. Lakini mfuko wa mzazi uwe mbali kabisa na mfuko wa watoto, na usishikwe na mlezi mwenyewe. Ushikwe nyumbani, na watu wa nyumbani. Hapo ndipo sisi tunapoingia.

Na hapa ndipo nina shida na desturi yetu.

Harambee tunaijua. Tangu mwaka 1963 Mzee Jomo Kenyatta alipoifanya kuwa wito wa taifa, imejenga madarasa, zahanati na makanisa katika nchi hii kuliko mtu anavyoweza kuhesabu. Kwa jengo ilifaa sana: siku moja watu wanakutana, pesa zinapatikana, mabati yanapanda, kazi imekwisha. Mmeyaona mambo hayo kanisani baada ya ibada. Meza inatandikwa kitambaa mbele, mweka hazina na daftari lake la mistari miwili, wa waliotoa na wa walioahidi. Jogoo anapigwa mnada, aliyemnunua anamrudisha apigwe mnada tena, mkungu wa ndizi vivyo hivyo, na mwisho jumla inasomwa na watu wanapiga vigelegele. Jumatatu watu wako shambani. Ule mstari wa ahadi unabaki vile vile ulivyoandikwa.

Saratani haikubali mtindo huo. Haidai pesa zake kwa siku moja. Inazidai leo kwa ajili ya kukata kipande cha nyama na kukipima, wiki tatu baadaye kwa ajili ya dawa, wiki nyingine tatu kwa dawa tena. Kati ya hizo kuna nauli ya kutoka Angurai hadi Malaba kwa bodaboda, na kutoka Malaba hadi Eldoret kwa matatu, zaidi ya kilomita 100, mgonjwa na wa kumshika mkono. Kuna mahali pa kulala, kwa kuwa vipimo vya damu vinatoka leo na dawa inatiwa kesho. Kuna maziwa na mayai, maana mtu aliyeishiwa damu hawezi kupewa dawa, anarudishwa nyumbani akale kwanza. Safari ya kwanza huwa na watu wengi na pesa nyingi. Safari ya nne mgonjwa anakwenda na mjukuu wake. Safari ya tano haendi. Tukiulizwa tunasema dawa zilimshinda, kumbe kilichomshinda ni nauli.

Halafu akifa tunaamka. Hili nalisema kwa uchungu. Kamati ya mazishi huundwa jioni ile ile. Hema, viti, ng'ombe, mchele, spika, magari ya kuleta mwili kutoka Eldoret, yote yanapatikana ndani ya wiki moja, na wanaotoa ni wale wale waliokuwa hawana kitu mwezi uliopita. Sipingi kumzika mtu kwa heshima. Sisi ni watu, na wageni wa msiba lazima wale. Lakini nimekaa katika matanga ambapo hesabu ya chakula peke yake ingalimpeleka marehemu hospitali na kumrudisha mara nyingi. Huo si umaskini. Ni mpangilio wetu mbaya, na unaweza kubadilishwa.

Mtu ataniuliza, je, bima? Swali zuri. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, bima ya afya ya serikali ya SHA imechukua nafasi ya ile ya NHIF. Aliye katika ajira hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira hupimwa uwezo wake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, ila mtu wa jua kali na mkulima hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, shilingi 3,600. Kujiandikisha ni kwa simu, *147#. Kwa saratani, mpango ulipoanza uliwekewa kikomo cha shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka, na zikiisha, nyingine 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu na ya dharura. Serikali imekwisha kuzungumzia kukipandisha kiwango hicho. Ni msaada mkubwa na asiwepo wa kuudharau. Ila umewekewa mipaka. Pesa hiyo ni ya kaya nzima, na ni ya kulipa hospitali. Nauli haimo. Malazi hayamo. Mayai hayamo. Mtu wa kuacha biashara yake ya soko la Malaba siku tatu akae na mgonjwa naye hamo. Kwa hiyo shilingi ya kwanza ya mchango wowote wa matibabu iende kulipia SHA ya mgonjwa, kabla ya kitu kingine, na zinazobaki zifanye yale ambayo bima haifanyi. Nimeona familia ikiuza ng'ombe kulipia kitu ambacho 3,600 zingalifungua mlango wake.

Na bima au bila bima, kuna mambo ambayo familia haina nguvu juu yake. Aprili 2016, majirani zetu wa Uganda walipata pigo ambalo nasi tulilishuhudia hapa mpakani. Mashine ya mionzi ya Mulago, iliyokuwa imetumika tangu mwaka 1995 na ndiyo pekee nchini mwao, iliharibika isitengenezeke tena. Mgonjwa wa Tororo au Soroti aliyekuwa akisafiri zaidi ya kilomita 200 hadi Kampala akaambiwa hakuna mashine. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ikajitolea kuwatibu wagonjwa 400 bila malipo, na wengine wenye uwezo wakavuka wenyewe kuja Kenya. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Karibu miaka miwili hiyo, mtoto wa Uganda aliyekuwa akilea mayatima upande wetu alikuwa akimtafutia mzazi wake mionzi katika nchi ya kigeni. Sisi tuliokuwa wenyeji wake tulipaswa kuwa kamati yake. Baadhi yetu tulikuwa. Wengine tulimwambia arudi kwao.

Najua pia kwamba mchango mkubwa unawezekana watu wakiguswa. Mwaka 2015 Wakenya walichangishana mitandaoni kwa ajili ya mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliyekuwa na uvimbe kwenye ubongo. Lengo lilikuwa shilingi milioni moja ili akatibiwe India. Ndani ya siku chache zikapatikana zaidi ya milioni sita. Mchango ule ulisimamiwa na Africa Cancer Foundation, wakfu ulioanzishwa mwaka 2011 na Profesa Anyang' Nyong'o na mkewe Dorothy baada ya yeye mwenyewe kutibiwa saratani ya tezi dume. Nautaja kwa sababu ya hilo la usimamizi. Pesa hazikupitia simu ya mgonjwa wala ya ndugu yake. Zilipitia mahali palipojulikana, na watu wakatoa bila wasiwasi. Mtu wa Angurai si mchoyo. Ana wasiwasi, kwa kuwa amewahi kuchanga na hakuambiwa pesa zilikwenda wapi.

Lakini si kila mgonjwa anapaswa kupelekwa India, na hapa naomba tusemezane kama watu wazima. Julai 2019, ndani ya mwezi mmoja, saratani ilichukua watu watatu wakubwa wa nchi hii: Bob Collymore aliyeongoza Safaricom, mbunge Ken Okoth wa Kibra, na gavana Joyce Laboso wa Bomet. Wote watatu walikuwa wametibiwa ng'ambo. Pesa haikukosekana pale. Kwa hiyo kabla kamati haijatangaza lengo, watu wawili wa familia waende kwa daktari wa saratani wamuulize waziwazi: pesa tunayotafuta inakwenda kununua nini? Je, ni kupona? Ni miaka? Ni miezi isiyo na maumivu? Daktari mwema atajibu. Kwa saratani ya umio iliyokomaa, mara nyingi kitu chenye faida ya haraka ni mrija unaowekwa ndani ya umio ili mgonjwa ameze tena. Hospitali ya Tenwek kule Bomet imejulikana kwa kazi hiyo kwa miaka mingi. Mama aliyekuwa hamezi hata mate akiweza kunywa chai na wajukuu, hiyo ni pesa iliyofanya kazi, hata kama ugonjwa haukuondoka.

Na maumivu yana dawa. Mwaka 1993 Dakta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, na Uganda ikajulikana Afrika nzima kwa kuwapa wagonjwa mofini ya maji ya kunywa nyumbani, bila malipo. Mzazi hapaswi kulia usiku kucha huku familia ikikusanya pesa za ndege. Ikiwa daktari amesema hakuna kupona, basi mchango ununue mofini, uji mzuri, godoro laini na nauli ya kumrudisha binti nyumbani akae na mama yake. Nauli hiyo ya binti haiandikwi katika bajeti zetu, nami naona ingekuwa ya kwanza.

Kwa sababu huyu binti ana mzigo mwingine ambao hatuuoni. Akija nyumbani, anawaacha watoto waliokwisha kuachwa mara moja. Wapo wanaolala na kanga yake mpaka arudi. Akibaki, anamkosa mama. Hakuna wa kumwamulia. Ila tunaweza kumpunguzia. Asilazimike kupiga simu kila asubuhi kuuliza kama nauli imepatikana, akiwa amesimama pale kwenye kona yenye mtandao, laini ya Kenya katika simu moja na ya Uganda katika nyingine, akikata shilingi za kule kuzituma huku, na njiani zinapungua kwa mbadilishaji pesa na ada za kutuma. Wanaohudumia mayatima kwa posho hawana akiba. Hilo tulijue tangu mwanzo, tusiwapangie kiwango cha mtu wa ofisini.

Sasa nieleze ninachokipendekeza, kwa ufupi, maana wengi wenu mna uzoefu wa kamati kuliko mimi. Familia ichague watu wachache wanaoaminika, na mmoja wao asiwe ndugu, awe labda mwalimu au mzee wa kanisa. Wafungue akaunti ya jina la mchango, au namba ya paybill, ambayo mtu mmoja hawezi kutoa pesa peke yake. Harambee ya siku moja wafanye wakitaka, lakini wasitegemee hiyo. Wawaombe watu wa kutoa kila mwezi. Watu mia moja wakitoa shilingi 200 kila mwezi, hizo ni 20,000, nazo zinakwenda na kurudi Eldoret na kununua mayai na maziwa, mwezi huu na ujao na unaofuata, hadi matibabu yaishe. Shilingi 200 ni kidogo kuliko tunayoiahidi mbele ya watu tukapiga makofi na kutoilipa. Kila mwezi mweka hazina asome hesabu katika kundi la WhatsApp, na asiye na simu ya namna hiyo asomewe kanisani au barazani kwa chifu: tulipata hizi, tulitumia hizi, mgonjwa yuko hivi. Na mgonjwa akubali kwanza kipi kisemwe na kipi kisisemwe. Picha ya mama aliyekonda isitumwe kwa watu wasiomjua bila ruhusa yake. Wanaolea mayatima wamekwisha kuona watoto wanavyopigwa picha za kuombea pesa. Wasirudi nyumbani wakakuta tumemfanyia mama yao hivyo hivyo.

Kwa ninyi mlio ng'ambo mkilea watoto wa wenzenu, iwe Soroti, iwe Jinja, iwe mbali zaidi: mwambieni mkuu wa nyumba ya watoto mapema, kwa maandishi, kwamba mzazi wenu ni mgonjwa, kwamba mchango uko nyumbani katika akaunti nyingine, na kwamba hakuna shilingi ya watoto itakayoguswa. Mfadhili akitaka kuwasaidia, mpeni ile namba ya nyumbani. Atawaheshimu zaidi. Na msiwafiche ndugu zenu udogo wa posho yenu.

Kwa wageni mlio kwetu mkilea watoto wetu, mzazi wenu akiugua, tuambieni. Hatuna dola, lakini tunajua kuja kukaa na mtu, tunajua kushika zamu ya watoto ili mwende mkamwone mama. Sisi watu wa Angurai tusipofanya hivyo kwa aliyetulelea watoto wetu, tutakuwa tumekosa.

Na kwako unayenisikiliza leo, ukiwa na mzazi anayekohoa damu, mwenye uvimbe titini, anayetoka damu baada ya kukoma hedhi, au anayengoja wengine waondoke mezani ndipo ameze: mpeleke hospitali ya Kocholia au ya Busia wiki hii, uombe barua ya rufaa kama inahitajika, na ulipie SHA yake leo jioni kabla hujalala. Kisha mpigie simu dada yako aliye ng'ambo umwambie ukweli wote. Na mlio na madaftari ya ahadi za tangu mwaka jana, ahadi za wagonjwa ambao bado wako hai, yafungueni Jumapili hii, muwafuate walioahidi mmoja mmoja.